Mizani Iliyonyamazishwa

Mwanatatu binti Matano alikuwa bingwa wa kusonya. Likoni nzima watu wanasonya, lakini msonyo wake ulikuwa wa peke yake: mrefu, mkavu, unamwanza mtu akiwa kitini na kumsindikiza mpaka mlangoni. Alimsonya muuza duka aliyepunja sukari, alimsonya mwalimu wa chuo aliyesoma kitabu badala ya kufundisha, aliwasonya wachumba watatu walioletwa nyumbani, na shangazi zake walipomwambia kuwa ni msonyo huo uliomweka bila mume mpaka umri ule, aliwasonya na wao vilevile. Kazi mbovu ilimuuma kama jino. Hakuona kwa nini mtu apewe pole kwa kuwa mzembe.

Mtu mmoja tu hakuwahi kusonywa naye, naye ni babake. Mzee Matano alikuwa mpimaji wa mizani ya malori katika yadi moja ya mahindi kule Mikindani, kando ya barabara ya Nairobi. Kazi ile aliifanya kwa unadhifu uliosifiwa mpaka na madereva wa bara, watu wasiosifu kitu. Kila asubuhi kabla lori la kwanza halijapanda, mzee aliingiza kwenye jukwaa la mizani mkokoteni wenye pipa la maji, akachota ndoo, akalisugua jukwaa lote kwa ufagio wa chelewa. Kisha alienda kibandani akabonyeza kitufe cha sifuri ili mizani ianze siku bila kuhesabu uzito wowote, na mwisho ndipo alipoutoa mkokoteni na pipa lake. Mwanatatu alikuwa amefuatana naye asubuhi nyingi, na utaratibu huo aliujua kwa moyo: sugua, bonyeza, toa pipa. Akiwatazama wafanyakazi wengine wa yadi walivyokaa na makoti yao yenye vumbi la mahindi, alijiambia kuwa babake ndiye mtu pekee pale anayeijua kazi.

Ndipo katikati ya mwaka wa tisini na nane ikaanza kuonekana kuwa magunia yanapotea. Ghala lilipohesabiwa lilikuwa pungufu, ilhali karatasi za mizani zilionyesha kila lori lilitoka na uzito wake halali. Meneja wa yadi, bwana mmoja aitwaye Ngala, mwenye tumbo la mbele na maneno ya kuuma, alimwita Mzee Matano akamvua funguo mbele ya wapagazi. Alisema jambo ni mojawapo ya mawili, ama mizani ni mgonjwa ama mpimaji ni mwizi. Mizani itatengenezwa kwanza, na ikionekana ilikuwa nzima, mzee aende zake na asidhani ataajiriwa tena Mombasa hii.

Mzee alirudi Likoni akakaa barazani bila kula. Mwanatatu alikasirika. Unga ukimwagika huokotwa, lakini jina la mwizi halitoki, na babake alikuwa ameswali safu ya mbele katika msikiti ule ule tangu yeye hajazaliwa. Bahati, au ndivyo alivyodhani, sanduku la mizani ile, lile lenye kioo na vitufe, lililetwa kutengenezwa katika karakana ya Changamwe alikofanya kazi yeye kama fundi wa kompyuta. Alilichukua mezani kwake kabla mtu mwingine hajaligusa.

"Najua wewe ni binti yake," Ngala alimwambia siku alipolileta. "Lakini mizani haina baba. Ukinifanyia mchezo, nitajua."

Mwanatatu alimsonya mara tu gari lake lilipotoka langoni.

Sasa lazima nimtaje Kitsao, kwa sababu aliyeandika programu iliyokuwa ndani ya sanduku lile ni yeye. Kitsao, fundi mwenzake pale karakana, alikuwa fundi umeme wa malori kabla ya kuzoeana na kompyuta, na alizileta kompyutani tabia zote za gereji. Mnajua mafundi wetu: lori likichemka, hawaulizi kwa nini, wanang'oa kile kidude cha kudhibiti joto wanakitupa, lori linatembea. Taa nyekundu ikiwaka mbele ya dereva, wanakata waya wake. Taa imezima, ugonjwa umepona, lete hela. Kitsao alikuwa na neno lake moja kwa shida zote za duniani, nalo ni kunyamazisha. Kompyuta ikimlalamikia mstari, aliufuta mstari. Ikilalamikia faili, alilitupa faili. Akimaliza alijinyoosha, akaomba chai, akasema, "Imenyamaza hiyo."

Na kazi yenyewe haikuwa ya watu wa kunyamazisha. Kampuni ya ng'ambo iliyounda masanduku yale ilikuwa imefungwa, na programu mpya ilibidi iandikwe hapa hapa. Sanduku lilikuwa na chipu yake ndogo, ya ukoo mwingine kabisa na chipu ya kompyuta ya mezani. Kwa hiyo ilihitajika kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa amri za chipu, lakini kompaila ya ajabu kidogo: inakaa katika kompyuta hii na kutoa amri za chipu ile. Haikuuzwa popote. Ilikuja kwenye CD kama maandishi matupu, bure, ujijengee mwenyewe. Na pamoja nayo ilibidi ujenge maktaba ya C, lile rundo la kazi ndogondogo za kuhesabu na kuandika ambazo kila programu huziazima. Hapo ndipo pana kizunguzungu, maana maktaba hujengwa kwa kompaila, na kompaila kamili nayo inaidai maktaba. Mwenye akili hujenga kompaila nusu kwanza, akaitumia kujenga maktaba, kisha akarudi kuikamilisha kompaila. Kitsao hakurudi. Aliishia kwenye nusu, akaziba matundu kwa vitambaa.

Mwanatatu alifungua kazi ile akasonya mpaka mate yakamkauka. Faili za vichwa, zile zinazoiambia kompaila namba ina ukubwa gani na kazi gani ipo wapi, Kitsao alikuwa amezinakili kutoka kwa kompyuta ya mezani, kana kwamba viatu vya baba vitamtosha mtoto. Mistari iliyopiga kelele ilifungwa midomo kwa alama za maelezo, zile zinazoiambia kompaila iruke mstari, kurasa baada ya kurasa.

"Kaka Kitsao," alisema, na neno kaka alilitamka kama mtu anayetoa nywele kwenye mchuzi, "hii uliijenga au uliizika?"

"Inafanya kazi," Kitsao alijibu, akikoroga chai. "Miaka miwili iko Mikindani, nani amelalamika?"

"Babangu amevuliwa funguo."

Kitsao aliacha kukoroga. "Nimesikia, na imeniuma. Lakini sikiliza, Mwanatatu. Badilisha betri, safisha nyaya, lirudishe. Si kila kelele ni ya kusikilizwa. Nyingine unamnyamazishia mtu, mambo yanapita."

"Wewe huna unachokijua zaidi ya kunyamazisha."

"Haya," alisema Kitsao. "Mimi nimesema."

Mwanatatu alifuta kila kitu. Wallahi, alifuta kwa raha, folda nzima, kama mtu anayetupa mashuka ya mgonjwa. Alianza upya kutoka kwenye CD, na tangu hapo maisha yake yakawa kufika asubuhi, kuwasha, kutazama mistari ikipita, na kungoja itakapokwama. Maktaba ilikwama mapema. Ililalamika kuwa amri hazijulikani, amri halali kabisa za chipu ya sanduku. Kitsao alichungulia begani akasema mistari hiyo yeye aliifuta. Mwanatatu alivuta kiti mezani. Aliifuata kelele hatua kwa hatua mpaka akaona: ujenzi ulipofika pa kugeuza amri kuwa namba za chipu, ulikuwa ukiita kigeuzi cha kompyuta ya mezani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa cha kwanza katika njia ambamo kompyuta hutafuta vifaa. Maskini kile kilikuwa kinasoma lugha isiyo yake. Aliviweka vifaa vyake mwenyewe mbele ya njia, akawasha tena, na amri zikapita zote.

Kisha ikakwama kwenye ukubwa wa namba. Kwenye kompyuta ya mezani namba ya kawaida ni pana, sandukuni ni nusu yake, na mahali pamoja ujenzi ulikuwa bado unachungulia faili za mezani kwa mlango wa nyuma. Aliuziba mlango ule. Hakufuta mstari hata mmoja wa maktaba. Kila kelele aliiuliza inataka nini, akaipa inachotaka, na kila ilipotulia kwa haki alijiona mrefu zaidi ya wote waliokuwa mle ndani. Alimdharau Kitsao, alimdharau tajiri wa karakana aliyemwajiri Kitsao, alimdharau Ngala na tumbo lake. Dharau ilimshibisha hata akasahau kula mchana.

Shida ya mwisho ilikuwa ya linka, ile programu inayounganisha vipande vyote kuwa kitu kimoja. Ilisema imekosa kazi ya kugawanya. Chipu ya sanduku haikuwa na nguvu ya kugawanya namba kubwa, kwa hiyo kompaila huisaidia kwa kipande chake kidogo cha hesabu, na kipande hicho hakipo mpaka kompaila ikamilishwe. Mwanatatu aliirudia kompaila akaikamilisha, kipande kikapatikana, linka ikatulia. Lakini alitaka kujua Kitsao aliponaje pale. Akafungua nakala ya kazi ya zamani, aliyoihifadhi Kitsao kwenye diski, akatafuta, akaona.

Kitsao alikuwa ameandika kazi ya kugawanya yeye mwenyewe. Ilikuwa na jina lile lile ambalo linka ililitaka. Ilipokea namba mbili, ikazitupa zote mbili, ikarudisha sifuri.

Mwanatatu alicheka mpaka karakana nzima ikageuka. Mizani isiyojua kugawanya! Unaipa tani thelathini, unaiomba igawanye, inakujibu sifuri! Huo ndio ugonjwa, na huyo ndiye mwizi, mwizi amekaa pale na kikombe chake cha chai. Hakutafuta ni wapi katika programu kazi ile ilikoitwa. Wala hakuchukua mawe ya kupimia akayaweka juu ya jukwaa dogo la majaribio lililounganishwa na sanduku likiwa na programu ya zamani, aone kama kweli ilikosea. Takataka haipimwi, alijiambia, inatupwa. Alipima ya kwake tu, nayo ilitoa uzito sawasawa. Mwisho, kwa kuringa, alibadili zile herufi za ajabu zilizotokea kwenye kioo mizani inapokataa jambo, akaweka maneno ya Kiswahili ambayo hata mpagazi atayasoma.

Nyumbani alimpa babake habari. "Shikamoo, baba. Mizani ilikuwa mgonjwa. Nimeuona ugonjwa kwa macho yangu."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alivua kofia, akaiweka gotini. "Umelibadilisha sanduku lote?"

"Lote. Halina uchafu hata chembe."

"Ungeliacha lilivyokuwa." Mzee alikuwa akitazama mikono yake. "Mimi nimechoka, Mwanatatu. Nitakaa nyumbani, nitalima mihogo. Mwambie Ngala sirudi."

"Ukikaa nyumbani watasema uliiba."

"Watasema, watachoka."

Mwanatatu alihuzunika kuona mtu mwadilifu alivyovunjwa moyo, na akaapa kuwa Ngala ataomba radhi mbele ya wapagazi wale wale. Basi mzee alikwenda. Alikwenda kwa sababu binti yake alimshika mkono, na kwa sababu asingeweza kumweleza kwa nini haendi.

Asubuhi ya majaribio sanduku lilifungwa kibandani Mikindani. Ngala alikuwepo, wapagazi walikuwepo, lori moja lilisubiri nje ya jukwaa likiwa limejaa. Kitsao naye alikuja na begi lake la vifaa, hakuna aliyemwita. Mwanatatu alisimama katikati yao kama bi harusi. Aliwaeleza, na maneno yake yalikuwa na pilipili, jinsi mtu mmoja asiye na haya alivyoipa mizani hesabu ya uongo, na jinsi mtu mwingine asiye na subira alivyomvua mzee heshima yake kwa uongo huo. Ngala alirekebisha mkanda wake. Kitsao alitazama chini.

"Haya," alisema Ngala. "Kama ilikuwa mashine, nitasema ilikuwa mashine. Mzee, pima."

Mzee Matano alielekea moja kwa moja kibandani.

"Baba, mbona hujaosha?" Mwanatatu aliuliza.

"Leo acha. Pasafi."

"Hapana, waone kazi inavyofanywa." Akashika mkokoteni yeye mwenyewe, akausukuma na pipa lake mpaka juu ya jukwaa, akachota ndoo, akasugua akiwa na vazi lake la kazini, jasho likimtoka, huku akiwatupia wale wanaume jicho. Alipomaliza, mzee alikuwa amekwisha kuja, ameushika mkokoteni kwa haraka anataka kuutoa.

"Bado," Mwanatatu alimwambia kwa upole. "Wewe hubonyeza kwanza."

"Bonyeza wewe, fundi," alisema Ngala. "Mashine ni yako."

Akaingia kibandani, akabonyeza kitufe cha sifuri.

Sanduku lililia. Mlio mwembamba, mkali, usiokoma. Mwanatatu alijua amekosea mahali, kuna faili la mezani limejipenyeza, na watu wote hawa wanatazama. Akabonyeza tena, likalia tena. Ndipo akasoma kioo. Maneno aliyaandika mwenyewe, na kioo kiliyaonyesha kwa herufi kubwa: KUNA MZIGO JUU.

Aliinua macho akaliona pipa. Ndoo moja tu ilikuwa imetoka ndani yake, lililobaki ni maji tele, uzito wa magunia mawili ya mahindi na zaidi. Mizani iliyofundishwa kuanza sifuri na pipa lile juu yake, pipa likiondoka, itapunguza uzito huo kwa kila lori litakalopanda siku nzima. Lori litabeba magunia mawili ya ziada na karatasi itasema hakuna ziada, na dereva atamsifu mpimaji. Na mizani yoyote yenye akili hukataa. Hukataa kwa kugawanya namba na kuona kuwa jibu si sifuri. Kazi ya Kitsao ya kugawanya iliitwa mahali pamoja tu katika programu yote, na mahali penyewe ni hapo: kila mara ilijibu sifuri, na mizani haikuona mzigo.

Kitsao alikuwa amefika mlangoni pa kibanda. "Ni hitilafu ndogo tu, bwana meneja," alisema kwa sauti ya kawaida, akifungua begi. "Programu mpya huwa hivi. Nipe kidogo, nitainyamazisha." Kisha kwa chini, kwa Mwanatatu peke yake: "Babako aliniomba nilipokuwa naiandika. Alisema ile ya ng'ambo ilimpigia kelele kila akiosha. Mtu rika la babangu akiniomba jambo, mimi nimuulize nini? Sikumuuliza. Wewe sema ni kosa lako."

Neno lilikuwa jepesi. Angesema amekosea, Ngala angemcheka, Kitsao angefuta mstari mmoja, na mzee angepewa funguo zake. Mwanatatu alifungua mdomo. Mwanamke huyu ambaye hajawahi kukosa neno la kumtupia mtu, alikosa.

Ngala alikuwa akitazama pipa, kisha sakafu iliyolowa, kisha pipa. Hakuwa mjinga, alikuwa na ulimi mbaya tu. "Pipa zima," alisema polepole, "kwa ndoo moja." Akamgeukia Mwanatatu. "Nakuuliza wewe, fundi. Mashine yako ni nzima au ni mgonjwa?"

Alimtazama babake. Mzee Matano naye alimtazama, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko ulivyowahi kutulia tangu avuliwe funguo. Alishika mkokoteni, akausukuma nje ya jukwaa bila haraka. Akaja mpaka kibandani, akampita binti yake, akabonyeza kitufe. Mlio ukakoma. Kioo kikasoma sifuri.

"Ni nzima," alisema mzee. "Huyu ni mwanangu, bwana Ngala. Hatengenezi kitu kibovu."

Akaokota kofia yake mezani, akaikung'uta vumbi, akatoka kwa lango la malori, na wapagazi wakampisha. Ngala alitema mate kando. Kitsao alifunga begi lake, hakumwangalia mtu. Mwanatatu alibaki kibandani, mbele ya mashine iliyojengwa bila mstari mmoja wa uongo, na mazoea yakamtangulia, akasonya, msonyo ule ule mrefu. Kila mtu pale alidhani amesonywa yeye.